Ukienda Kraków, tenga siku za kulala milimani

Wengi wanaoniuliza kuhusu Kraków, mji wa kusini mwa Poland, huja na ratiba ileile: siku zote mjini, moja tu ya kwenda Zakopane, mji mdogo chini ya milima ya Tatra, asubuhi na kurudi jioni. Mimi huwaambia wapunguze usiku wa mjini, angalau miwili, waupeleke milimani.

Tatizo ni barabara. Zakopane iko kama kilomita 100 kusini, na barabara ikiwa wazi, basi la abiria hutumia saa mbili hivi. Lakini wikiendi na msimu wa likizo, barabara hiyo, Zakopianka kama wenyewe wanavyoiita, hufurika magari. Wa kwenda na kurudi hufika mchana, huzurura Krupówki, mtaa wa maduka na migahawa, hupiga picha, kisha hukimbilia basi la jioni. Tatra wameitazama kwa mbali tu.

Aliyelala hukohuko anaamka alfajiri na kuiwahi njia ya kwenda ziwa la Morskie Oko kabla umati haujafika. Kutoka maegesho ya Palenica Białczańska ni kilomita 9 hivi za lami, unapanda pole pole, na kurudi ni hizohizo. Yapo magari ya kukokotwa na farasi. Watetezi wa wanyama wameyapinga kwa miaka mingi, nami siyapandi. Isitoshe, hayafiki ziwani. Ukifika, usitosheke na picha za mbele ya nyumba ya wageni. Shika njia ya mawe inayolizunguka ziwa, maana upande wa pili watu ni wachache, na juu yako umesimama Rysy, mpakani na Slovakia, mita 2,499.

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunaisikia namba hiyo na kutabasamu. Tusijidanganye. Morskie Oko liko mita 1,395, karibu sawa na Arusha mjini, lakini mwezi wa nne bado unaweza kulikuta limeganda. Kiangazi nacho kina radi za alasiri. Agosti 2019 radi ilipiga Giewont, kilele chenye msalaba wa chuma tangu 1901, ikaua watu na kujeruhi zaidi ya mia. Anza mapema, na wingu likianza kujikusanya, shuka, hata kama kilele unakiona pale.

Ukishashuka, kula oscypek, jibini la maziwa ya kondoo lililokaushwa kwa moshi. Omba likaangwe juu ya makaa, upewe na jamu ya matunda mekundu yenye ukakasi. Mimi ningeacha hata chakula cha jioni.

Kraków yenyewe inatembeleka kwa miguu. Uwanja wake mkuu, Rynek Główny, ulipimwa mwaka 1257, na kila upande una kama mita 200. Kila saa, tarumbeta hupigwa kutoka mnara wa kanisa la Mariacki, na wimbo hukatika ghafla katikati. Wenyeji husimulia kwamba mlinzi wa zamani alichomwa mshale wa koo akiwatahadharisha watu kuwa wavamizi wa Kitatari wanakuja. (Ukisema unatoka Arusha, taja Tengeru. Wakimbizi wa Kipolandi waliishi pale wakati wa Vita Kuu ya Pili, na makaburi yao yapo hadi leo. Mazungumzo hubadilika papo hapo.)

Mgodi wa chumvi wa Wieliczka, jirani na Kraków, usiupange siku inayofuata baada ya kupanda mlima. Ziara ina ngazi kama 800, nyingi za kushuka, na magoti hayatakusamehe. Lifti ipo, ila ya kurudi juu. Beba sweta hata kama nje kuna jua kali.

Jambo jingine ni Jumapili. Kwa sheria, maduka mengi hufungwa karibu Jumapili zote za mwaka. Vimaduka vichache huwa wazi, lakini bei zake si rafiki, kwa hiyo maji, mkate na matunda ya njiani nunua Jumamosi, kabla hujapanda basi.