Historia, fasihi au biashara kwenye ualimu?

Mdogo wangu, umeuliza ukifika Chuo Kikuu cha Maseno kusomea ualimu uchague historia na fasihi, au uhamie biashara kwa kuwa umesikia historia haina kazi. Hilo la kazi lisikutishe kwanza. Tazama mchanganyiko wenyewe, maana TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu Kenya, huangalia masomo mawili ya kufundishia, na kila moja uwe na C+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Sasa, mtego uko kwenye fasihi: kwenye sekondari za mfumo wa 8-4-4, Kiingereza na fasihi yake hufundishwa kama somo moja, mwalimu mmoja. Ukichukua fasihi na historia ukaiacha lugha, utamaliza digrii halafu uanze kujieleza kwenye usajili. Kama roho yako iko kwa historia, iunganishe na Kiswahili. Fasihi utaipata humo humo, kuanzia ushairi hadi tamthilia.

Biashara ni sawa, ila usidhani ni rahisi. Silabasi yake imebeba uhasibu, uchumi na shughuli za ofisi, na leja haina huruma na mtu asiyependa hesabu.

Halafu huyo anayesema historia ni kukariri tarehe, mpeleke Thimlich Ohinga, mji wa kale kule Migori, aone kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kushikanisha. UNESCO waliuorodhesha mji huo kwenye Urithi wa Dunia 2018. Darasa zima utalifundisha pale na chaki hutaigusa.

Kabla ya kusajili kozi, pita kwa mkuu wa idara akuandikie masomo yako mawili. Usiamini maneno ya hosteli.