Kava linakwaruza rangi ya gari?

Ndiyo, ila kosa si la kitambaa, ni la vumbi lililobaki chini yake. Upepo ukilipeperusha kava, chembe za mchanga husugua rangi kama msasa. Osha gari, likauke kabisa, ndipo ulifunike, tena kwa kava linalobana na lenye mikanda ya kufungia chini. La plastiki lisilopumua liepuke: hufungia unyevu, na rangi inaweza kutoka malengelenge.

Filamu angavu ya poliyurethani (plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya rangi, unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi, yaani milimita 0.15 hadi 0.2) ni kazi nyingine. Hiyo huzuia kokoto gari likiwa barabarani. Kama rangi ni mpya ya gereji, ngoja takriban siku 30 kabla ya kuibandika, la sivyo siku ya kuibandua inaweza kuondoka na rangi.