Kunyonya mafuta tumboni: jua kwanza tumbo lako limebeba nini

Dada yangu, umesema una miaka 34, watoto wawili, kilo 86, na tumbo halijarudi tangu umzae wa pili. Kliniki imekutajia bei kwa simu, inataka utangulize nusu, nawe unataka uwe umepona kabla ya harusi ya mdogo wako Desemba. Mimi nimenyonywa mafuta hapa hapa Dar, kiunoni na mapajani, na nimeridhika. Kwa hiyo siandiki kukutisha. Ila tumboni daktari alikataa kuninyonya, na sababu yake naomba uisome kabla hujatoa hata shilingi.

Alinilaza chali, akaniambia ninyanyue kichwa na mabega kidogo, halafu akapitisha vidole katikati ya tumbo, kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Vidole vikazama. Misuli miwili inayoshuka mbele ya tumbo iliachana wakati wa mimba na haikukutana tena. Mafuta juu yake yalikuwa kidogo tu. Kilichosukuma tumbo nje ni ukuta uliolegea. Sasa, mrija wa kunyonya mafuta haushoni misuli. Tatizo hilo huanza na mazoezi maalumu kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yasiposaidia, upo upasuaji mwingine, mkubwa zaidi, wa kukata ngozi iliyozidi na kuivuta misuli ikutane, na madaktari hushauri uufanye ukishamaliza kuzaa. Nilichagua mazoezi. Tumbo limepungua, bapa halijawa, na mimi limenitosha.

Wapo wenye tumbo la namna nyingine kabisa, gumu, limejaa, hata ukijaribu kulifinya hupati cha kushika. Hayo ni mafuta ya ndani, yanayozunguka utumbo na ini. Mrija hauyafikii, kwa sababu unapita kati ya ngozi na misuli tu. Zinazonyonyeka ni zile nyama uzembe unazoweza kuzikusanya mkononi. Aliyekutajia bei bila kukuona hajui una tumbo lipi kati ya hayo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kuhusu kilo: lita moja ya mafuta haifiki hata kilo moja. Kwa mtu anayerudi nyumbani siku hiyo hiyo, madaktari waangalifu hawavuki lita 5, na humo ndani kuna pia maji ya dawa waliyokupiga kwanza, yaani maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini ya kupunguza damu kutoka. Usitegemee 86 igeuke 70. Na kama kinachokusumbua ni sukari au presha, mwaka 2004 lilichapishwa jaribio la Marekani katika New England Journal of Medicine: wanawake wanene 15 walitolewa mafuta karibu kilo 10 kila mmoja, na baada ya wiki 10 hadi 12 presha, lehemu na namna mwili unavyoitikia insulini havikuwa vimebadilika. Upasuaji huu ni wa shepu. Wanaotaka kushusha uzito wenyewe, Hospitali ya Mloganzila hapa Dar wanaweka puto tumboni la kukufanya ushibe haraka. Hiyo ni huduma tofauti, nenda kaulizie.

Desemba ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Siku za mwanzo vitundu ulikopitishiwa mrija vinavuja maji ya damudamu, utandike mpira kitandani. Mkanda wa kubana unauvaa usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kama mkaja wa uzazi, na joto la Dar unalijua. Ngozi inakufa ganzi, kuna mahali panakuwa pagumu, na uvimbe unaweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kuisha wote. Kwenye gauni la harusi unaweza kuonekana mnene kuliko sasa. Halafu huyo mtoto wako wa kubebwa atabebwa na nani? Mimi mama yangu alihamia kwangu. Bila yeye nisingethubutu.

Umeandika pia kwamba wamekuambia mafuta yatahamishiwa makalioni kwa nyongeza ndogo ya hela. Hapo usikubali haraka. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa upasuaji wa urembo vilitoa onyo la pamoja kuhusu upasuaji huo, kwa sababu ya vifo: mafuta yakichomwa ndani ya msuli wa kalio yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu na kufika kwenye mapafu. Yanatakiwa yabaki juu ya msuli, chini ya ngozi. Anayeyachoma anaonaje sindano ilipo? Muulize hivyo hivyo.

Na hata bila makalio, uliza nani atakulaza usingizi na kama atabaki chumbani hadi mwisho. Uliza ukizidiwa usiku unapelekwa wapi na kwa gari gani. Jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, uone kama kweli ni bingwa wa upasuaji. Vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, sigara, mtu wa familia aliyewahi kuganda damu mguuni: vyote vitaje, hata wasipokuuliza. Ukishafanyiwa, pumzi ikikata, kifua kikiuma au mguu mmoja ukivimba, usisubiri asubuhi, nenda hospitali kubwa.

Kwa hiyo nusu hiyo usiitume. Tafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, lipia kumuona tu, alikague tumbo kwa mikono yake. Kama ni misuli, uliza fiziotherapia iliyo karibu na kwako na uanze wiki hiyo hiyo. Kama kweli ni mafuta ya chini ya ngozi na vipimo viko sawa, panga baada ya harusi, mwezi ambao una likizo na mtu wa kukaa na watoto. Ukitoka kwa daktari rudi utuandikie alichokukuta nacho. Picha usiweke hapa.