Familia za wamisionari, nendeni baharini wala msiombe radhi

Wadada wanaojiandaa kwenda misioni nje na waume zao huwa wananitafuta inboksi, na maswali ni yaleyale, shule za watoto zikoje, lugha mtu anajifunzaje, unga wa sembe unapatikana. Yote ya maana. Ila hakuna anayeuliza huwa mnapumzikia wapi, na kwa niliyoyaona huku Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, mimi hilo ningeliweka mwanzo kabisa, kabla hata ya Kireno.

Huduma haina saa ya kufunga. Watu wanabisha hodi alfajiri, mgonjwa, msiba, binti kafukuzwa kwao, na unafungua maana si ndicho kilichokuleta? Wanaoumia ni watoto. Wao hawakuitwa, walibebwa tu. Wametolewa kwa bibi yao na binamu zao, wamekaa darasani miezi wanamwangalia mwalimu mdomo, wakirudi nyumbani baba yupo sebuleni lakini ni wa wageni. Mwanangu wa kati kuna siku alienda kupiga hodi mlango wa ofisi ya baba yake, kasimama kama muumini, anasema "shikamoo mchungaji, nina shida nataka tuongee". Tulicheka, halafu usiku mimi na mwenzangu hatukulala vizuri.

Basi sisi tunaenda Ilha, yaani Kisiwa cha Msumbiji. Kutoka Nampula ni kama kilomita 180, unapita Namialo, unafika Monapo unakata kuelekea pwani, mwisho kuna daraja la zaidi ya kilomita 3 lenye upana wa gari moja tu, kwa hiyo mnapishana kwenye vile vituo walivyovitanua, na hapo watoto washatoa vichwa dirishani zamani. Palikuwa makao makuu ya Wareno hapa Msumbiji mpaka 1898, na mji wake umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1991. Kuna mji wa mawe na kuna mji wa makuti, na ule wa makuti uko chini, maana mawe ya kujengea nyumba za wakubwa yalichimbwa hukohuko, basi unasimama barabarani paa la nyumba ya mtu liko usawa wa macho yako! Wanangu walizunguka pale jioni nzima wanauliza mvua ikinyesha hawa wanaenda wapi. Swali zuri tu, baba yao alikaa chini akalijibu hadi mwisho bila kuangalia simu.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua ndipo panapowabana wengi. Mmisionari wa Kiafrika akipiga picha yuko ufukweni anaogopa kuituma kwenye grupu la wasap la kanisa lililomtuma. Mimi nilishaambiwa na mzee mmoja, kwa utani lakini si utani, "kumbe sadaka zetu zinaogelea". Wenzetu waliotumwa na mashirika ya Ulaya na Marekani wengi likizo yao iko kwenye mkataba, wala hawajielezi kwa mtu, sisi tunaibaiba kama tunatoroka shule. Ushauri wangu, dada, kabla hamjapanda basi kutoka nyumbani, kaeni na kamati ya kanisa linalowatuma muandike kwenye bajeti mstari unaosomeka MAPUMZIKO YA FAMILIA, na kiasi chake, waupitishe mbele yenu. Wakiukata, uliza kwa heshima mchungaji akiugua au ndoa ikiyumba nauli ya kuwarudisha wote inatoka mfuko gani. Mkishaenda, ripoti iandikeni wazi kama mnavyoandika semina. Picha si lazima, za watoto hasa, mimi situmi kabisa.

Na wala si gharama kubwa. Hatulali hotelini, tunapanga chumba kwenye nyumba ya watu, vyandarua vyetu, sufuria yetu, samaki tunanunua kwa wavuvi wakirudi. Kuleni matapa ya siri-siri, ile mboga inayoota kando ya bahari, inapikwa na nazi na korosho, wangu wasiokula mboga nyumbani pale wanagombea sahani.

Msiende wikiendi, Jumapili itawavuta tu. Sisi tunaondoka Jumatatu shule zikifungwa, mzee wa kanisa anabaki na namba moja ya dharura, na ni yangu, sio ya mchungaji. Vitambulisho vya ukaazi na paspoti zote mkononi, polisi wa barabarani wataviuliza. Kisiwani watu wengi ni Waislamu, kwa hiyo mama funga kapulana yako, ile khanga ya huku, vizuri ukitoka ufukweni kupita mitaani, na baba siku hizo hahubiri mtu. Ingawa kuna jioni mvuvi alijua ni mchungaji akaomba mtoto wake aombewe, akaombewa, ingekuwaje sasa.

Halafu kisiwani kwenyewe kuna kisa ninachopenda kumchokozea mume wangu. Fransisko Ksaveri, yule mmisionari Mjesuiti, alikwama hapo kuanzia 1541 mpaka mwanzoni mwa 1542 akisubiri pepo za kumfikisha Goa, India. Miezi yote hiyo, bahari hii hapa mbele yake, akaitumia kuhudumia wagonjwa hadi akaugua homa mwenyewe! Namwambia mtakatifu yule hakuwa na mke wa kumnyang'anya simu.

Mwisho, msimu. Kimbunga Gombe cha Machi 2022 na Jude cha Machi 2025 vyote vilipiga pwani hiyo ya Mossuril, jirani kabisa na kisiwa, kwa hiyo miezi ya mwanzo wa mwaka tulieni nyumbani. Nendeni kuanzia Juni hadi Septemba, mvua hakuna, ila kusi ikivuma jioni kuna baridi, bebeni masweta ya watoto. Na mwulizeni mwenyeji maji yanakupwa saa ngapi kabla hamjawaahidi kuogelea, maana yakitoka yanatoka mbali, na kule kwenye miamba kuna vile vidude vyeusi vya miiba, kwa hiyo ndala miguuni.