Seli shina za sikoseli hazitoki kwa kiinitete

Dada, umeuliza kama tiba ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) lazima iharibu viinitete maana padri wenu kasema ni dhambi, na kama itamfaa mwanao mwenye sikoseli. Ubishi ulipamba moto 1998 mwanasayansi James Thomson wa Marekani alipozitoa seli shina kwa kiinitete cha binadamu, na hapo wanaopinga mimi nawaelewa kabisa. Ila za sikoseli ni za kwenye uboho au damu, za ndugu anayelingana naye au zake mwenyewe, na hizo hata Kanisa Katoliki halizikatazi! Halafu 2006 mwanasayansi Yamanaka wa Japani aligeuza seli za kawaida za panya zikawa kama za kiinitete, kwa hiyo hata hizo si lazima zitoke kwa kiinitete, na 2012 akapewa Nobel.

Kinachoniuma ni bei. Casgevy, ile tiba ya sikoseli iliyokubaliwa Uingereza na Marekani 2023, wanachukua seli shina za mgonjwa wanazirekebisha wanamrudishia, Marekani ni dola milioni 2.2, sasa mzazi wa Lira au Jinja hapa Uganda atazitoa wapi na ugonjwa wenyewe umejaa huku kwetu? Hapo ndo tungebishana kweli.

Kwa sasa muulize daktari habari ya haidroksiurea, dawa ya sikoseli, na wanaouza vidonge eti vya seli shina usiwape hata shilingi, havitibu sikoseli.