Maikrowevu ya zamani haina kijitabu? Isikilize

Mkuu, umesema umenunua maikrowevu iliyotumika, kijitabu hakuna, maandishi ya kwenye swichi yamefutika, na samaki wako ameiva mkiani huku tumboni bado ana barafu. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo kwa kuku mzima. Ncha za mabawa zilishakuwa nyeupe na kukauka, lakini kisu kikifika kifuani kinagonga barafu. Nilidhani mashine imekufa, kumbe ni nzima, ila nilikuwa naiendesha kwa nguvu yote.

Mashine hizi hazina moto mdogo kama jiko la gesi. Magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi, ama inawaka yote ama inazima. Ukiweka nusu, inawaka nusu ya muda na kupumzika nusu ya muda. Taa, feni na sahani vinaendelea kama kawaida, ndiyo maana mtu haoni tofauti. Lakini sikio linasikia. Weka bakuli la maji ndani (usiiwashe tupu kamwe, inajiharibu), zungusha swichi ya nguvu hatua moja moja, kisha hesabu. Magnetroni ikiwaka utasikia "tak" na muungurumo mzito, ikizima unabaki upepo wa feni tu. Yangu kwenye alama ya kitone cha maji inaunguruma kama sekunde 8, inanyamaza kama 20. Hiyo ni karibu asilimia 30, na hapo ndipo pa kuyeyushia barafu. Kama yako ni ya vitufe, bonyeza cha nguvu mara kadhaa. Nyingi huonyesha P100, P80, P50, P30, P10, nawe chukua P30.

Kwa nini kupumzika kunasaidia? Barafu hainyonyi mawimbi vizuri, maji yananyonya sana. Pembe ikishayeyuka kidogo tu, joto lote linakimbilia hapo na inaanza kuiva huku katikati bado ni jiwe. Ule ukimya unalipa joto nafasi ya kutambaa kuingia ndani.

Mimi nusu kilo ya nyama naipa dakika 3, naigeuza, natenganisha vipande vilivyoachia, narudisha dakika 3 nyingine. Natoa wakati katikati bado kuna barafu kidogo lakini kisu kinaingia, naiacha mezani dakika 10 imalizikie yenyewe. Baada ya hapo pika moja kwa moja, usiirudishe kwenye friza, kwa sababu pembeni imeshapata joto. Nyama ya kusaga inataka uangalizi zaidi: kila inapolainika kwa nje, kwangua uweke pembeni.

Kujua nguvu halisi, angalia kibandiko cha nyuma, na soma wati za kutoa, si za kuvuta umeme. Kibandiko kikiwa kimetoka, tumia lita 1 ya maji na kipimajoto: pima, washa nguvu yote dakika 1, koroga, pima tena, zidisha nyuzi zilizoongezeka mara 70. Zikipanda nyuzi 10, una takriban wati 700. Fanya mchana na urudie jioni. Mtaani kwetu umeme ukishuka saa mbili usiku, dakika zangu za mchana hazitoshi kabisa.

Saa ya kuzungusha ya zamani hukosea kwenye muda mfupi. Ukitaka dakika 1, zungusha hadi ipite 2 kisha irudishe.

Nakuomba jambo moja kwa dhati: hata ikisumbua, usifungue bodi lake. Ndani kuna kapasita inayobaki na umeme wa kuua hata ukichomoa waya ukutani. Hiyo mwachie fundi anayezijua.

Ukishazijua hatua zako kwa sikio, weka nukta ya rangi ya kucha pembeni mwa swichi, nyekundu kwa nguvu yote, nyeupe kwa barafu. Zangu hazijafutika mpaka leo, na watoto wanazitumia bila kuniuliza.