Ukimtoa mtoto darasani, usimtoe kwenye rejesta

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, mzazi anaweza kumsomesha mtoto nyumbani, na kuna njia gani nyingine kwa mtoto ambaye shule ya kawaida imemshinda?" Ninajibu kutoka Uyole, Mbeya. Hapa nimefundisha watoto wa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa shule, na sasa nafundisha darasa la jioni la wanaojiandaa na QT, mtihani wa maarifa wa wasio na mtihani wa kidato cha pili. Ushauri wangu kwa kila mzazi anayenijia ni mmoja: angalia kwanza mwanao atafanyia wapi mtihani, ndipo uchague njia ya kumfikisha huko.

Wengi wanakuja wakiwa wamechoka. Darasa limejaa, mtoto amechapwa, ada ya shule binafsi imepanda, au mtoto ni mgonjwa na kila wiki anakosa siku mbili tatu. Machungu yao nayajua na siyadharau. Ila nikiuliza "darasa la saba atafanyia wapi?" wengi hawana jibu.

Sheria yetu ya Elimu, Sura ya 353, inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Wenzetu wa Uingereza sheria yao inamruhusu mzazi kumwelimisha mwanawe shuleni au kwa namna nyingine, na Marekani majimbo yote yanaruhusu kusomea nyumbani. Mzazi anayesoma habari za huko mtandaoni akadhani na hapa ni vivyo hivyo anajitafutia matatizo. Mtihani wa darasa la nne na wa darasa la saba mtoto anasajiliwa na shule, kwa namba ya shule. Jina likishafutwa kwenye rejesta, hata kama mtoto anasoma magazeti na kupiga hesabu kuliko wenzake, siku ya mtihani hana pa kukaa.

Kwa hiyo fundisha nyumbani, tena fundisha sana, lakini jina libaki shuleni. Mtoto akiwa mgonjwa nenda kwa mwalimu mkuu na karatasi za hospitali, ukaombe kazi za wiki. Ukikwama, panda kwa afisa elimu kata. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, simu ya kawaida ya kupangusa inatosha. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Juni, wote tuligeuka walimu wa nyumbani. Kwa nilivyoona mtaani kwetu, watoto ambao hawakurudi nyuma ni wale waliokuwa na saa yao ya kusoma kila siku na mtu mzima wa kukaa nao. Elimu ya mzazi mwenyewe haikuwa na uzito kama huo.

Sasa nije kwa watoto ambao rejesta haikuwahi kuwaona, au iliwasahau. Huku kwetu wako wengi: wa kubeba viazi, wa kuchuma chai Rungwe, wa kuuza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi. Hao ndio MEMKWA iliwekwa kwa ajili yao. Wadogo wanasoma kwa kasi, wanafanya mtihani wa darasa la nne, wakifaulu wanaingia darasa la tano na wenzao. Wakubwa wanaandaliwa kwa mtihani wa darasa la saba.

Nilikuwa na kijana mmoja aliyetoka sokoni. Ukimwambia sado saba za viazi, kila moja elfu tatu na mia tano, kabla hujafunga mdomo ameshasema ishirini na nne elfu na mia tano. Mwambie aiandike ubaoni: anaandika 24, kisha 5, kisha anasimama na chaki mkononi. Sifuri hakujua zinakaa wapi. Tukaanza na noti na sarafu juu ya dawati, elfu upande huu, mia upande ule, na jedwali la thamani ya nafasi likamwingia ndani ya juma hilo hilo. Mtoto huyu akiwekwa darasa la kwanza na watoto wa miaka saba, anaaibika na kukimbia. Alihitaji darasa linaloheshimu anachokijua tayari. Inaniuma kuona chumba cha MEMKWA kinageuzwa stoo na mwalimu wake anapewa vipindi vingine, wakati watoto wenyewe wapo pale barabarani, unawaona ukiwa kituo cha mabasi.

Kwa waliomaliza la saba wakaishia hapo, au waliokatiza sekondari, kuna njia mbadala ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: hatua ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, hatua ya pili ni cha tatu na cha nne. Asiye na mtihani wa kidato cha pili hupita QT kwanza, ndipo anasajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mabinti waliopata ujauzito wana hiari zaidi, kwa sababu tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi hata shule rasmi. Wazazi, waulizeni wanachotaka. Wapo wanaotaka sare yao tena, na wapo wanaoona bora darasa la jioni ambako hakuna wa kuwanyooshea kidole.

Anayependa kazi za mikono msimlazimishe vitabu peke yake. Kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA, na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, wazo lililotoka Uswidi na kuanzishwa hapa miaka ya sabini, enzi za Mwalimu Nyerere: Nzovwe hapa Mbeya, Ilula kwa wa Iringa, na Njombe kipo.

Wenye uwezo wanaofuata mtaala wa Cambridge nyumbani nao wajue kwamba mtihani wao unahitaji kituo kilichoidhinishwa, na cheti hicho kitapelekwa Baraza la Mitihani (NECTA) kufanyiwa ulinganifu mtoto akitaka kuendelea na mfumo wa hapa.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Mtihani wa QT na wa kidato cha nne ni Novemba, lakini usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na kufungwa mapema, na anayechelewa hulipa zaidi. Kila mwaka napokea vijana mwezi wa tano, wana ari na daftari jipya, na inabidi niwaambie wasome mpaka mwakani. Mwenye kijana wa namna hiyo nyumbani amlete kituoni Desemba hii, kabla ya pilikapilika za sikukuu, akiwa na namba yake ya mtihani wa darasa la saba.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya